Mjadala Usifungwe Kabla ya Jibu Kuwekwa

Wasomaji wa kurasa za mashairi wanayajua vema maneno yale machache ambayo mhariri huyaweka chini ya utungo au barua ya mwisho: mjadala huu sasa umefungwa. Maneno hayo yana haki yake. Ukurasa una mpaka, na subira ya wasomaji nayo ina mpaka. Lakini twaona wakati umewadia wa kuuliza: mjadala unapofungwa, ufunguo wake huwekwa wapi, na ni nani awezaye kuufikia?

Tumesukumwa kuyasema haya na barua iliyotufikia kutoka Usoke, Wilaya ya Urambo, mkoani Tabora. Mwandishi wake ni kijana anayejifunza kutunga. Aliuliza katika baraza moja la washairi, ambalo hatutalitaja, swali ambalo kila mpenzi wa mashairi amepata kulisikia: utungo usiokuwa na vina wala mizani, je, ni shairi? Akajibiwa kwa mstari mmoja kwamba jambo hilo lilikwisha kujadiliwa zamani, na kwamba atafute mwenyewe. Hakuambiwa lilijadiliwa lini, wala na akina nani, wala katika kitabu gani. Barua yake haina matusi wala manung'uniko. Anataka kujua tu atafute wapi.

Huenda msomaji wetu wa Unguja au Pemba akasema kwamba Usoke ni mbali, na kwamba gazeti la visiwani lina ya kwake ya kuandika. Hatukubaliani naye. Usoke ni kituo cha Reli ya Kati, magharibi ya mji wa Tabora. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo watu na mizigo walikwenda kwa miguu katika njia ndefu iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, ikaishia Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Mali ya misafara mingi ilitoka Unguja, na mabega yaliyoibeba yalikuwa ya Wanyamwezi. Njia hiyo ilipitisha pembe na nguo, na ilipitisha watumwa pia, jambo ambalo halifai kufichwa kila tunapoisifu. Iliipitisha lugha yetu vilevile. Wapagazi waliokaa pwani msimu mzima walirudi kwao na Kiswahili, na wakakitumia kambini na sokoni. Kwa hiyo kijana wa Usoke anapouliza habari za ushairi wa Kiswahili, anauliza habari za mali ambayo babu zake waliibeba kwa miguu yao, na sisi wa visiwani ni wa mwisho kupaswa kumwambia kwamba amechelewa.

Tukumbuke pia jinsi maswali yalivyojibiwa katika misafara yenyewe. Aliyetangulia mbele, yaani kirangozi, aliulizwa mambo yale yale kila msimu: maji yako wapi, hongo ya mtemi wa mbele ni kiasi gani, njia ipi iko salama. Kirangozi ambaye angejibu kwamba hayo yalikwisha kusemwa kwa msafara wa mwaka uliopita angewaua watu wake kwa kiu. Maana kisima cha mwaka jana huenda kimekauka, na mtemi wa mwaka jana huenda amefariki au amegeuza nia. Mfano mmoja waujua kila aliyesoma historia. Mwaka 1871 vita kati ya Mtemi Mirambo wa Urambo na Waarabu wa Tabora vilifunga njia iliyozoeleka ya kwenda Ujiji. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, hakuwa na budi kuzunguka kwa kusini, na ndipo akafika Ujiji mwezi wa Novemba mwaka huo. Mtu aliyeuliza njia ya Ujiji mwaka 1869 na mtu aliyeiuliza mwaka 1871 waliuliza swali moja, neno kwa neno. Jibu halikuwa moja.

Hivyo ndivyo ilivyo katika jambo hili la vina na mizani. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa watunzi wa Tanganyika nzima mahali pa kukutana bila ya kuonana, na watu wa bara na wa pwani wakapimana humo kwa tungo. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, mwisho wa ile ile njia ya misafara, akatoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Mtu aliyetaka kujua shairi ni nini alionyeshwa kitabu hicho, na kwa muda jibu likatosha. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 washairi wakaombwa na Mwalimu Nyerere wautumie ufundi wao kuwaelimisha wananchi, na Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA wakaeneza ngonjera hadi kwenye viwanja vya shule. Hapo pia vina na mizani havikuguswa.

Kisha mwaka 1974 ikatoka diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, mwana wa kisiwa cha Ukerewe, na ndipo nyumba ilipowaka. Waliosema kwamba huo si ushairi walisema kwa ukali, na waliosema kwamba ushairi ni fikra na hisia kabla ya kuwa hesabu ya mizani nao hawakukaa kimya. Mulokozi na Kahigi wakaitetea njia mpya katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, na bado wakatunga kwa njia ya zamani walipotaka. Mwaka 1984 Jumanne Mayoka akautaja ugomvi kwa jina lake katika Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka, akiwa upande wa waliotaka kanuni zilindwe. Magazeti yalijaa majibu na majibu ya majibu. Wahariri wakafunga mjadala, ukafunguka tena, wakaufunga tena. Kezilahabi alifariki mwaka 2020, na mjadala ungali hai.

Msomaji aone kwamba aya hizo mbili, ambazo hazikuchukua hata robo ya safu yetu, ndizo jibu alilolihitaji kijana wa Usoke, kwa kuanzia. Zinamwambia nani alisema nini, mwaka gani, katika kitabu gani. Baada ya hapo aweza kusoma, kukubali au kukataa, na kurudi barazani na swali lililo bora kuliko la kwanza. Jawabu la kwamba jambo lilikwisha kujadiliwa halikumpa hata kimoja katika hivyo. Lilimpa mlango tu.

Tena tunasema kwamba swali lake si lile la mwaka 1974, ingawa maneno ni yale yale. Wakati ule watu waliuliza kama mgeni huyu akaribishwe ndani. Leo mgeni amekwisha kukaa, tena amekaa katika mitihani. Vitabu vya Malenga Wapya, kilichotoka TAKILUKI hapa Zanzibar, na Wasakatonge cha Mohamed Seif Khatib, naye ni wa kwetu, vimesomwa na vijana wa sekondari wa Tanzania Bara kwa miaka mingi. Mwanafunzi anafundishwa darasani kwamba kuna mashairi ya kimapokeo na kuna mashairi huru, anajibu hivyo katika karatasi ya mtihani na anapewa maksi. Jioni anakwenda kwa malenga wa mtaani, anaambiwa kwamba mashairi huru si mashairi. Mtu aliyewekwa kati ya walimu wawili wanaopingana ana haki ya kuuliza, na anayemwona msumbufu hajatafakari ni nani aliyemsumbua kwanza.

Hata hivyo tusiwaonee wazee wa ufundi huu. Malenga aliyetunga kwa miaka 40 amelisikia swali hili mara nyingi kuliko alivyokula pilau ya Idi. Amelijibu kwa upole, akalijibu kwa shairi, akalijibu kwa barua ndefu ambayo mhariri aliikata nusu. Ikifika mara ya hamsini, si ajabu akajibu kwa mstari mmoja, au akanyamaza, au akaacha kuhudhuria. Na wazee wakiacha kuhudhuria, baraza linabaki la wageni wanaoulizana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akijibu kwa kubahatisha. Mabaraza mengi yamekufa hivyo, wala hayakufa kwa kukosa watu. Yalikufa kwa kuchosha wale wachache waliokuwa na la kusema. Anayedai kwamba kila swali lijibiwe upya kila siku na watu wale wale, kana kwamba wameajiriwa kwa kazi hiyo, naye anaua baraza kwa njia nyingine.

Wala hatusemi kwamba kila marudio ni ya heri. Kuna mada ambazo hurudi kila mwaka kama mvua za vuli: kuku na yai kipi kilitangulia, fedha na elimu kipi bora, maisha ya mjini na ya shamba. Wapo wanaozirudisha kwa kuwa wanataka jina lao lionekane gazetini, na tungo zao huzijui isipokuwa kwa sahihi iliyo chini. Mhariri anayezitupa hizo kapuni hana deni kwetu. Lakini yafaa atofautishe mtu anayeuliza kwa kuwa hajui na mtu anayeuliza ili aonekane. Kuwatofautisha si kazi ngumu. Yule wa kwanza, ukimwonyesha kitabu, hukushukuru na kukitafuta. Yule wa pili hukasirika.

Kiini cha jambo, kwa maoni yetu, ni kwamba swali hurudi kwa sababu jibu halikuwekwa mahali ambapo muulizaji anaweza kulifikia. Lawama ya marudio imekuwa ikitupwa kwa mgeni, hali iliyopasa kwenda kwa mwenye kuweka kumbukumbu. Sisi wa visiwani tuna ushahidi wetu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Pemba ilikuwa na malenga wawili, Kamange na Sarahani, waliojibizana kwa tungo hadi leo wanatajwa pamoja. Hawakuwa na gazeti. Tungo zao zilibaki vifuani mwa watu na katika karatasi za wachache waliojali, na ni mwaka 2011 tu ndipo zilipotoka katika kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba. Mombasa nayo isingekuwa na Muyaka tunayemsoma leo kama Mwalimu Sikujua asingejitaabisha kuzikusanya tungo zake kutoka kwa waliozihifadhi kichwani. Ni mabishano mangapi ya namna hiyo yaliyopotea, na ambayo sasa twayaanza upya kama watu wa kwanza duniani, kwa kuwa Sikujua wao hakutokea?

Nchi hii imepata kuonyesha jinsi mada ya zamani inavyoweza kujadiliwa upya bila ya kumchosha mtu. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Vikundi vilikaa vijijini, vikasikiliza redio, vikasoma kitabu, vikajadiliana, kisha vikatenda. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 2 walishiriki. Walizungumza malaria, kichocho na kuhara, mambo ambayo hakuna mtu mzima nchini asiyekuwa ameyasikia tangu utoto. Hakuna kiongozi wa kikundi aliyesema kwamba malaria ilikwisha kujadiliwa. Lakini hakuna pia aliyetakiwa kuyatoa majibu yote kichwani mwake kila wiki. Kitabu kilikuwapo, redio ilikuwapo, na kiongozi alikuwa na kazi ya kuongoza mazungumzo kutoka pale kitabu kilipoishia. Vyoo vilichimbwa. Ushairi si kuhara, twakubali, ila utaratibu ule wa kuweka jibu mkononi mwa watu kabla ya kuwakusanya wazungumze unafaa kuigwa hata na wapenda burudani.

Basi tunawaambia wenye mabaraza, wa Usoke na wa Ng'ambo, wa Wete na wa Tabora mjini: kila baraza na liwe na daftari. Mjadala mkubwa unapokwisha, katibu na aandike katika ukurasa mmoja nini kilisemwa na kila upande, vitabu gani vilitajwa, na ni jambo gani lililobaki bila ya jibu. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote, nalo ndilo husahauliwa. Mgeni akija na swali lile, hapewi mlango. Anapewa daftari, akae alisome, na akiwa na neno jipya alilete. Kazi hiyo isiwe ya malenga mkuu. Na ifanywe na yule aliyeingia mwaka uliopita, ambaye angali anakumbuka jinsi kutokujua kunavyoona haya, na ambaye kwa kulijibu swali la mwenzake atalielewa yeye mwenyewe. Mjadala nao uwe na msimu wake, hata kama ni mara moja kwa mwaka, ili anayetaka kuufungua ajue lini aje na hoja zake. Wahariri wa kurasa za mashairi, wanapoandika kwamba mjadala umefungwa, waongeze mstari mmoja wa kusema ulianza toleo la tarehe gani. Wino wa mstari mmoja haumfilisi mtu.

Hayo yako katika uwezo wa wananchi wenyewe. Yapo mengine ambayo hayako katika uwezo wao, na hapo tunawageukia maofisa wa Serikali zetu mbili. Daftari la Usoke litaanza na mwaka huu. Yaliyosemwa tangu mwaka 1923 hayamo. Nakala za Mambo Leo na za magazeti ya baada ya Uhuru zimehifadhiwa katika nyaraka na maktaba kubwa za mijini. Kuhifadhiwa kwake ni jambo la kushukuriwa. Lakini mtu wa Usoke ili azisome inambidi apande treni hadi Dar es Salaam, atafute pa kulala, aombe kibali, kisha apekue. Mvuvi wa Kojani naye, kama anataka kusoma tungo za wazee wake zilizochapwa zamani, inambidi avuke bahari. Jibu lililowekwa namna hiyo, kwa mtu wa kawaida, halina tofauti kubwa na jibu lililopotea.

Leo kurasa hizo zinaweza kupigwa picha kwa chombo kidogo tu, na nakala zake kuwekwa katika maktaba za mikoa na katika shule za sekondari, bila ya karatasi ya asili kutoka katika kasha lake. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, ina wajibu wa kupeleka vitabu hadi vijijini. Hapa kwetu Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani zina wataalamu wanaojua kushika karatasi kuukuu. BAKITA na BAKIZA wanajua ni kurasa zipi zianze. Hatuoni kwa nini ofisi nne hizi zisikae meza moja kwa siku mbili, zikakubaliana nani afanye nini. Tunajua kwamba litatajwa suala la haki za watunzi, nalo ni la kweli: wengi wao walitunga kwa majina ya kujipa, na warithi wao hawajulikani. Lakini ofisi za hakimiliki zipo pande zote mbili za Muungano. Tangazo likitolewa redioni kwa miezi mitatu, warithi wengi watajitokeza wenyewe, na wengi katika hao watafurahi kusikia jina la baba yao kuliko watakavyodai malipo.

Jambo moja halingoji meza wala kikao. Vipindi vya mashairi vya Redio Tanzania Dar es Salaam vilirekodiwa katika kanda, na kanda si kama karatasi: zinanata, zinakatika, na mashine za kuzisomea zinaadimika. Sauti za malenga waliobishana miaka ya 1970 zimo humo, na wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Tunauomba uongozi wa TBC, na wa ZBC kwa zile za Zanzibar, utangaze hadharani ni kanda ngapi za ushairi zilizosalia na zipi bado zinasikika, uanze kuzinakili na zile zilizo dhaifu zaidi, kisha upeleke nakala ya kwanza Tabora na ya pili Pemba kabla ya msimu ujao wa mvua.